Tunaisikiliza Ala kwa Macho

Fundi Mmarekani David Rivinus ana viola, ala ya jamii ya fidla iliyo kubwa kidogo, aliyoipa jina Pellegrina. Ukiiona kwa mara ya kwanza utadhani mtu aliisahau juani ikaanza kuyeyuka. Bega la upande mmoja limevimba kwenda juu, nyonga ya upande wa pili imevimba kwenda chini, ubao wa kubania nyuzi umelala kiubavu, na ile sura tuliyoizoea, yenye kiuno katikati na pande mbili zinazolingana, haipo. Ala ya namna hii ikitokea jukwaani au pichani, maoni hutangulia sauti. Kuna wanaocheka. Kuna wanaosema fundi kaivunjia ala heshima. Kuna na wanaowajibu hao kwa ukali kwamba ni watu wa zamani wanaoogopa kila kipya. Ugomvi huu sasa umekuwa wa kila mara, kwa sababu ala zenyewe zimeongezeka: magitaa yasiyo na kichwa, chelo za kaboni nyeusi tii, klarineti za unga wa mbao, piano za vibao vyembamba. Na kila ukizuka unasimuliwa vilevile, mapokeo upande huu na maendeleo upande ule.

Naona ugomvi huu tumeushika kwenye makali badala ya mpini. Ukiyapanga mabadiliko yaliyopigiwa kelele upande mmoja, na yaliyopita kimya upande wa pili, utaona jambo linalojirudia: umbo likibadilika watu hupaza sauti, sauti ikibadilika wengi hawana habari. Ala iliyopinda kiuno lakini inatoa noti zilezile, kwa vidole vilevile, huitwa uasi. Ala yenye sura ya mababu ambayo imebadilishwa nyuzi, mkazo na hata mpangilio wa noti huendelea kuitwa ya asili. Kama kweli ni muziki tunaoulinda, lawama zetu zimeenda kwenye nyumba isiyo na mgonjwa.

Tuitazame hiyo viola kwanza, maana umbo lake lina sababu na sababu yenyewe ni ya zamani. Kiwiliwili cha fidla kina urefu wa sentimita 35 na nusu hivi. Nyuzi za viola ziko chini ya za fidla kwa noti tano, na ili kiwiliwili chake kiitikie sauti hizo kwa uwiano uleule wa fidla, kingetakiwa kuwa kirefu mara moja na nusu, yaani kama sentimita 53. Ala ya urefu huo haiwekwi chini ya kidevu na binadamu wa kawaida. Kwa hiyo mafundi wameridhika kwa karne nyingi na viola za kati ya sentimita 38 na 43, na viola imebaki kuwa ala ya maridhiano: ina besi inayotamani nafasi zaidi kuliko iliyopewa. Katika miaka ya 1870 Mjerumani Hermann Ritter alijaribu kuikata kesi hiyo kwa kutengenezesha viola ya sentimita 48 hivi. Ilivuma kweli, ikaingia hata katika orkestra ya mtunzi Wagner kule Bayreuth, Ujerumani, lakini ilidai mtu mrefu mwenye mikono ya kutosha na bega lisilochoka. Rivinus alipita njia nyingine. Aliongeza nafasi ya hewa pale ambapo mkono haupiti, akapunguza pale unapopita, na akauinamisha ubao ili kiwiko kisijipinde mno. Nyuzi zinalinganishwa vilevile, vidole vinabana palepale, upinde ni uleule, muziki ni uleule. Kwa mpigaji hiyo ndiyo viola ya kihafidhina kuliko zote, ila kwa mtazamaji ni kioja.

Nianze na hoja iliyo dhaifu kuliko zote upande wa watetezi wa mapokeo, ile inayosema kwamba wazee walishamaliza kazi, na kuigusa fidla ni kukiharibu kilichokwisha kukamilika. Usione vyaelea. Karibu kila fidla ya fundi mashuhuri wa Kiitalia Antonio Stradivari inayopigwa leo ilishafunguliwa na kufanyiwa upasuaji. Yeye alifariki mwaka 1737. Kuanzia mwishoni mwa karne hiyo na kuingia karne ya 19, mafundi walizing'oa shingo za fidla zake wakaweka nyingine ndefu zaidi, zilizoinamishwa kwenda nyuma. Wakautoa ule mti wa besi uliogundishwa ndani, chini ya uso wa ala, wakaweka mrefu na mnene zaidi, ili fidla ihimili nyuzi zilizokazwa kwa nguvu na ijaze kumbi kubwa. Upinde tunaoujua leo ulipata umbo lake mikononi mwa François Tourte wa Paris katika miaka ya 1780. Kile kibao cha kuwekea kidevu kilikuja na Louis Spohr yapata mwaka 1820. Nyuzi zilikuwa za utumbo wa kondoo, leo ni za chuma na za sintetiki. Kule Florence iko viola kubwa ya Stradivari ya mwaka 1690, iliyotengenezwa kwa ajili ya ukoo wa Medici, na sifa yake kuu ni kwamba haikufanyiwa lolote kati ya hayo. Zilizosalimika hivyo ni za kuhesabu. Hiyo inayoitwa fidla ya Stradivari, basi, ni ushirika wa marehemu mmoja na mafundi wengi waliomfuata ambao majina yao hayatajwi.

Gitaa la klasiki lina kisa cha karibu zaidi, na kwangu kinauma zaidi. Nyuzi zake za juu zilikuwa za utumbo mpaka katikati ya karne iliyopita. Vita Kuu ya Pili ilipoufanya utumbo uwe adimu, fundi Albert Augustine wa New York akatengeneza nyuzi za nailoni, mpiga gitaa mashuhuri Andrés Segovia akazipokea, na katika miaka michache utumbo ukasahaulika. Nailoni ina uzito wake, mkazo wake na namna yake ya kuitikia kucha. Uzi wa utumbo una ukwaruzo na unyevu wa sauti ambao nailoni hauna. Sauti ya ala nzima ilibadilika. Nani aliandamana? Kwa jicho, uzi mmoja wa rangi ya maji ulichukua nafasi ya uzi mwingine wa rangi ya maji. Leo mtu hutetea sauti ya nailoni kama sauti ya mapokeo dhidi ya gitaa la Greg Smallman wa Australia, ambaye kosa lake ni kubadilisha mbavu zilizo ndani ya gitaa, na hatambui kwamba mapokeo anayoyatetea hayajafikisha hata umri wa karne moja.

Ushahidi kwamba jicho ndilo hakimu hauko kwenye visa vya mafundi peke yake. Mwaka 1819 mwanafizikia Félix Savart aliwapelekea wataalamu wa Paris fidla aliyoiunda kwa hesabu: mbao bapa, pande zilizonyooka, matundu ya sauti kama mipasuko miwili ya rula, umbo la sanduku lililobanwa juu na kupanuka chini. Kamati ikaisikiliza ikipigwa kwa kupokezana na fidla bora ya Kiitalia, mpigaji akiwa chumba kingine, na haikuiona kuwa nyuma. Masikio yaliipitisha. Hata hivyo hakuna orkestra iliyoichukua, na leo inakumbukwa zaidi na watu wa fizikia ya sauti kuliko wapigaji. Zaidi ya karne moja baadaye, mpiga gitaa Les Paul alifunga nyuzi na kinasa sauti juu ya nguzo ya mbao ya inchi nne kwa nne na kwenda nayo kupiga mbele ya watu. Kwa simulizi yake mwenyewe, hawakuonyesha kuvutiwa. Akachukua kiwiliwili cha gitaa la kawaida, akakipasua katikati kwa msumeno, akazigundisha nusu hizo mbili kama mabawa pande zote za nguzo, akarudi. Safari hii walimsikiliza. Mabawa yale hayakuwa na kazi yoyote katika sauti. Kazi ilifanywa na nguzo na kile kinasa sauti. Yalikuwa mavazi.

Jaribio linalotajwa sana siku hizi ni lile la mtafiti wa Ufaransa Claudia Fritz na wenzake, lililofanyika Indianapolis mwaka 2010 na kuchapishwa mwaka 2012. Wapiga fidla 21 walipewa fidla sita, tatu mpya na tatu za Stradivari na Guarneri, katika chumba cha hoteli chenye mwanga hafifu. Walivaa miwani myeusi kama ya wachomeleaji, na kila kibao cha kidevu kilipakwa manukato kidogo ili harufu ya mbao kuukuu isitoboe siri. Walipoulizwa ipi wangependa kwenda nayo nyumbani, ni 8 tu waliochagua ya zamani. Baadaye Paris, mbele ya wapigaji mashuhuri 10 na fidla 12, 6 kati yao walichagua mpya. Kuna wanaolitumia jaribio hili kama rungu, na hapo ninajitenga nao. Fidla chache ndani ya chumba kimoja hazitoshi kuzivua heshima fidla za Cremona, mji wa Stradivari na Guarneri, na mpigaji aliyeishi na ala miaka 20 huijua kwa namna ambayo dakika 20 haziwezi kufunua. Kinachonigusa ni kitu kidogo zaidi: wapigaji wengi huwa na uhakika kwamba wangetambua, na macho yalipofunikwa uhakika ule ukakosa pa kushika.

Mimi mwenyewe nimewahi kunaswa. Katika onyesho moja nilikaa nyuma ya nguzo, nikawa nasikia chelo bila kuiona, na nikamnong'oneza jirani yangu kwamba hiyo ni sauti ya mbao iliyokomaa. Wakati wa mapumziko nikasogea. Chelo ilikuwa ya kaboni, haina pembe za kiunoni, inang'aa kama bodi ya gari. Kipindi cha pili nikaanza kusikia "ubaridi" fulani katika sauti yake. Upinde ulikuwa uleule, ukumbi uleule, mpigaji yuleyule.

Je, jicho halina haki kabisa? Linayo, na hapa watetezi wa mapokeo wana hoja nzito ambayo wazushi, yaani wanaoleta mapya, huiruka. Zipo ala ambazo umbo ni sehemu ya kazi yake. Mbira dzavadzimu, ala ya vyuma vya kupigwa kwa vidole ya Washona wa Zimbabwe, hupigwa katika ibada ya kuziita roho za wahenga. Anayeishika, anapoketi na namna inavyoonekana vimo ndani ya tendo lenyewe, na fundi wa kigeni anayetaka "kuiboresha" kwanza ajiulize inaboreshwa kwa ajili ya nani. Mwamba ngoma huvutia kwake. Umbo pia ni kumbukumbu ya mkono: mwanafunzi huisoma ala kwa macho kabla ya kuigusa, na mwalimu humwonyesha kidole kiende wapi kwa kutumia alama anazoziona. Hayo nayakubali. Lakini hoja hii inalinda ala fulani katika matumizi fulani. Haimpi mtu ruhusa ya kuitukana viola iliyoinama, ambayo haijawahi kuwa madhabahu ya yeyote.

Hoja yao nzito zaidi ni ile ya masikio, na cha kushangaza ni kwamba huitumia mara chache. Hamoniamu ni ala ya Ulaya. Mwaka 1875 huko Calcutta, Dwarkanath Ghose aliiunda upya: akaiondolea miguu na kanyagio, akaiwekea mvukuto wa kusukumwa kwa mkono mmoja nyuma, mpigaji akae chini kama wenzake na mkono wa pili utembee juu ya vibao. Ilienea India nzima kama moto wa nyika. Mwaka 1940 redio ya taifa, All India Radio, ikaipiga marufuku hewani, na marufuku ile haikulegezwa hadi mwaka 1971. Marufuku hiyo haikukosa siasa ndani yake, ila kiini chake kilikuwa cha kimuziki kabisa. Katika raga, ile mifumo ya melodi ya muziki wa Kihindi, noti haisimami kama jiwe. Huteleza kutoka moja kwenda nyingine, hutetemeka, huinuliwa kidogo au kushushwa kidogo kulingana na raga yenyewe. Kibao cha hamoniamu kikibonyezwa hutoa noti moja iliyokwisha kuamuliwa kiwandani, na hakijui kuteleza. Waimbaji wanaosindikizwa nayo miaka yote huanza kuimba kwa hatua za ngazi badala ya mteremko. Unaweza kuipinga marufuku, kama ninavyoipinga mimi, na bado ukakiri kwamba wale watu waliuliza swali linalostahili: ala hii mpya inatunyang'anya noti gani?

Swali hilo wanalijua pia wapigaji wa Vienna. Orkestra ya Vienna Philharmonic bado inatumia pembe na obo za aina yake, ambazo kwingine ziliachwa. Pembe ya Vienna ni ngumu. Bomba lake ni refu, noti zake za juu zimesongamana, na mpigaji akikosea midomo kidogo tu ukumbi mzima unasikia. Wenzao wa miji mingine walihamia pembe yenye usalama zaidi. Wao walikataa kwa sababu wanaweza kukueleza, kwa maneno ya sauti, watakachopoteza: namna noti moja inavyoungana na inayofuata, na jinsi rangi inavyobadilika mpigaji anapoongeza nguvu. Huo ni uhafidhina ninaouheshimu. Unajua bei yake na unailipa.

Sasa linganisha na yaliyopita kimya. Katika miaka ya 1950 Hugh Tracey, mtu aliyetumia maisha yake kurekodi muziki wa Afrika, alianza kutengeneza na kuuza kalimba iliyotokana na ala za vidole gumba za kusini mwa bara hili. Kwa macho ni ileile: kisanduku cha mbao, vyuma vilivyopangwa, vidole gumba viwili. Lakini vyuma vilipangiwa ngazi ya Kimagharibi, ile ya do re mi, badala ya mizani ya sauti za jamii zilizoiunda, ambazo zilitofautiana kutoka fundi hadi fundi na kijiji hadi kijiji. Ule mvumo wa vizibo vya chupa au vigamba, unaoizungushia kila noti ya mbira ukungu wake na ambao wapigaji wenyewe huuhesabu kuwa sehemu ya sauti, uliachwa nje. Kalimba ikazunguka dunia. Mamilioni ya watu wanaamini hivyo ndivyo Afrika inavyosikika, na inauzwa kwa sifa ya uasilia. Sisemi Tracey alifanya kosa. Alifungua mlango mkubwa, na ala yake ni nzuri. Nasema tu kwamba badiliko hilo la sauti lilikuwa kubwa mara kumi kuliko la ile viola iliyoyeyuka, na sijawahi kumwona mtu akiitupia kalimba neno "uasi".

Kanuni, ile ala ya Kiarabu ya nyuzi nyingi, nayo ilipita hivyohivyo. Zamani mpigaji alipotaka robo ya noti aliubana uzi kwa ukucha wa kidole gumba cha kushoto, kwa kukisia na kwa sikio. Kisha vikaja vile vitelezo vidogo vya chuma kandokando, vinavyoinuliwa na kushushwa haraka. Kasi iliongezeka na makosa yakapungua, ila noti zilizokuwa zinaelea zikapewa vituo. Mkutano wa muziki wa Kiarabu uliofanyika Cairo mwaka 1932 ulibishana kwa moto juu ya piano, kama iingizwe au ikataliwe, huku fidla, mgeni mwenzake kutoka Ulaya, ikiwa imeshapita bila taabu. Walikuwa na sababu ya masikio: fidla haina vituo, kidole kinaweza kusimama popote, piano haiwezi. Kwa kipimo cha macho zote mbili zilikuwa ngeni sawasawa. Nikiulizwa ni wapi watu waliwahi kujadili ala mpya kwa busara, nitautaja mkutano ule kwanza.

Nisionekane mwenye upendeleo. Upande wa wazushi nao una hoja yake dhaifu, na inarudiwa hadi imechakaa: kila kitu kikubwa kilichekwa mwanzoni, wanachekwa wao, basi wako njiani kuelekea ukubwa. Ni kweli Adolphe Sax, aliyeisajili saksafoni Paris mwaka 1846, aliburutwa mahakamani na watengenezaji wenzake. Ila makaburi yamejaa waliochekwa wakasahaulika. Mwaka 1882 Paul von Jankó alivumbua kibodi ya piano yenye safu kadhaa za vibao vifupi. Kila ngazi ilipigwa kwa vidole vilevile, na mkono mdogo ulifika mbali. Kwa mantiki tupu ilikuwa bora kuliko iliyopo. Ilikufa, kwa sababu haikuwa na walimu, na kila aliyekwisha kujifunza kibodi ya kawaida alitakiwa kuzitupa saa zake elfu kadhaa kapuni. Kabla yake, mwaka 1823, Vienna ilipata arpeggione, mtoto wa gitaa na chelo, nyuzi sita na vizuizi shingoni, yenye kupigwa kwa upinde. Mtunzi Schubert akaiandikia sonata mwaka uliofuata. Leo sonata ipo, ala hakuna; wanaipiga kwa chelo na viola.

Aliyefaulu ni Theobald Böhm wa Munich, na inafaa kuona alifaulu kwa nini. Alikuwa sonara na mpiga filimbi kwa pamoja. Mwaka 1831 alimsikia London mpigaji Charles Nicholson, mwenye filimbi ya matundu makubwa na sauti nene, akarudi nyumbani akijua filimbi yake haifikii hapo. Alichofanya katika filimbi zake za 1832 na 1847 ni kuyatoboa matundu pale fizikia inapotaka badala ya pale vidole vinapofika, kisha akaunda mfumo wa funguo za kuvifikisha vidole. Waliojua filimbi ya zamani ilibidi waanze upya, na wengi katika nchi za Kijerumani, kwao Böhm mwenyewe, waligoma kwa miongo. Chuo cha muziki cha Paris kiliikubali rasmi mwaka 1860. Gharama ya kujifunza upya ilikuwa kubwa, ila kilicholipwa kilisikika hata na asiyejua muziki: noti zote zenye nguvu sawa, katika kila ngazi ya muziki. Jankó alidai gharama ileile na akalipa kwa urahisi wa vidole, kitu ambacho msikilizaji aliyekaa ukumbini hakisikii. Klarineti iko katikati. Mfumo uliotokana na Böhm uliteka sehemu kubwa ya dunia, lakini Ujerumani na Austria bado wanashikilia wa Oehler, na hakuna upande uliokufa njaa.

Sehemu ya mabadiliko yanayokuja haitasubiri tukubaliane, kwa kuwa inatoka msituni. Klarineti na obo nyingi hutengenezwa kwa mpingo, mti unaokua polepole mno, na mbao yake hufaa kwa kazi hii ikiwa haina ufa wala fundo, kwa hiyo sehemu kubwa ya gogo huishia kuwa takataka. Mwaka 2017 jamii yote ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, iliwekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na wanamuziki wakajikuta wakitafuta vibali vya kuvuka mipaka na ala zao wenyewe, hadi ala zilizokamilika zilipoondolewa katika masharti hayo mwaka 2019. Kampuni ya Buffet Crampon ilikuwa imeshaanza katika miaka ya 1990 kutengeneza klarineti za unga wa mpingo uliochanganywa na kaboni kidogo na kushindiliwa. Haipasuki kwa baridi, na inatumia vumbi ambalo lingetupwa. Umbo ni lilelile, rangi ni nyeusi ileile. Wapo wanaoiita "plastiki", lakini kwa sauti ya chini, kwa sababu ukumbini hakuna anayeweza kuitofautisha kwa jicho. Ingekuwa ya kijani, tungekuwa na vita.

Kisa kinachonikwaza ni cha piano, maana kinaonekana kukataa kuingia katika kipimo changu. Oktava ya piano ya kawaida ina upana wa sentimita 16.5, na upana huo haujali mkono wa nani uko juu yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 na Rhonda Boyle na wenzake, uliopima mikono ya wapiga piano zaidi ya 400, ulikuta wastani wa mtanuko wa mkono wa wanaume unaupita wa wanawake kwa takriban inchi nzima. Josef Hofmann, mmoja wa wapigaji wakubwa wa mwanzo wa karne ya 20 na mwanaume mwenye mikono midogo, alitengenezewa na Steinway piano za vibao vyembamba. Leo zipo kibodi za oktava ya sentimita 15.2 na nyingine za 14. Badiliko hilo halionekani ukiwa mbali, haligusi nyuzi wala ubao wa sauti, na bado limekutana na ukuta. Nadhani ukuta huu ni ule wa Jankó: kumbi zina piano moja, mashindano yana piano moja, na aliyezoea chembamba atafanya nini akikuta kipana? Hoja hiyo ni ya kweli, lakini haikai vizuri midomoni mwa watu wa taaluma ambayo wapiga fidla wake huanza utotoni na fidla ya robo, wakapanda ya nusu, kisha nzima, bila mtu kusema wanadekezwa. Wenye mikono midogo huambiwa wanyooshe vidole na wafanye mazoezi zaidi. Wengine wamefanya mpaka mikono ikaumia.

Katika piano kubwa ya ukumbini, kibodi pamoja na nyundo zake zote huchomolewa mbele kama mtoto wa meza. Fundi hulegeza skrubu, huivuta kwa mikono miwili hadi itoke, huiegemeza pembeni, huingiza nyingine iliyotengenezwa kwa piano hiyohiyo, hufunga. Mfuniko ukirudi mahali pake, aliyekaa safu ya tano haoni kilichobadilika. Aliyekaa kwenye kigoda anaweka kidole gumba juu ya C, anatanua, na kidole cha mwisho kinatua juu ya E ya oktava ya pili bila kuruka.